UKRISTO WETU UONEKANE KAZINI

Ndugu wanachama na wafanyakazi wote,

Sisi ni watu wa reli, si waandishi. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni: kusoma, kuandika, hesabu na mafundisho ya dini. Lakini liko neno limetukaa moyoni tangu likizo yetu ya Lamu, na twaona si haki kulinyamazia.

Neno lenyewe ni hili. Sisi tulio Wakristo, mwenzetu wa kazi asiye wa dini yetu atajuaje kuwa sisi ni Wakristo? Atatujua kwa nyimbo zetu? Kwa msalaba shingoni? Kwa majina yetu ya ubatizo katika daftari la mshahara? Sisi twasema atatujua kwa jinsi anavyorudi kwake jioni. Akirudi mzima, na ujira wake umetimia, kwa sababu alifanya kazi karibu yetu, basi amejua. Akirudi na jeraha kwa sababu alifanya kazi karibu yetu, hapo tusimwambie lolote juu ya Bwana Yesu, maana hatatusikia.

Kabla hatujamsema mtu mwingine, hatuna budi tujiseme wenyewe.

Miaka kadha iliyopita, katika stesheni moja tusiyoitaja, mmoja wetu alikuwa zamu ya usiku ya kuunganisha mabehewa. Usiku ule kanisani kulikuwa na mkesha wa maombi. Sisi wengine tulikuwa huru, tukamshawishi aje. Akamwomba mwenzake wa zamu, Mwislamu mtu wa Kwale, amshikie kazi kwa saa moja tu. Ninyi mnaoijua kazi ile mwajua kuwa haifai mtu mmoja. Mmoja huingia kati ya mabehewa, na wa pili hushika taa amwonyeshe dereva ishara. Ile saa moja ikawa saa tatu. Garimoshi halingojei mkesha wa mtu, basi yule ndugu aliitundika taa, akaingia mwenyewe. Behewa likasogea. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabaki pale pale.

Wakati huo sisi tulikuwa tukiimba.

Asubuhi wakubwa walipomwuliza kwa nini alifanya kazi ile peke yake, hakumtaja mtu. Alimsitiri mwenzetu, asije akafukuzwa kazi. Ikaandikwa kuwa alikuwa mzembe. Tangu siku ile hajapanda daraja, na sababu ni neno hilo moja katika faili lake. Nasi tukanyamaza. Jumapili baada ya Jumapili tulikwenda ibadani tukiwa tumenyamaza. Kosa lilikuwa la mmoja, lakini kunyamaza kulikuwa kwetu sote wanne. Basi tuulizeni: usiku ule nani alitenda yale tuliyofundishwa misheni? Ni yule wa Kwale. Sisi tuliyaimba tu.

Sasa tuje Lamu. Huenda mtu akauliza watu wa reli wanatafuta nini Lamu, mahali pasipo na reli. Ni kweli, reli haipo. Tarehe 2 Machi 1912 babu zetu wangecheka kusikia habari hiyo, lakini tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana huko kuzindua mradi uitwao LAPSSET, yaani bandari, barabara, bomba la mafuta na reli ya kwenda nchi hizo. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Reli ingali katika makaratasi. Sisi tulikwenda kwa sababu nyingine: mwenzetu mmoja kwao ni Mpeketoni, akatualika tukapumzike kwa wazazi wake. Tena wazee wa kazi watawaambia kuwa reli na bandari zilikuwa nyumba moja. Tangu 1948 hata 1969 mwajiri alikuwa mmoja, East African Railways and Harbours. Basi mtu wa gati ni ndugu yetu wa tumbo moja.

Siku ya Jumapili tulitoka Mpeketoni mapema, tukafika gati la Mokowe ili tuvuke kwenda kisiwani. Ibada ilikuwa saa nne, na jamaa yetu mmoja aishiye Lamu alikuwa akitungoja. Tulivaa mashati meupe, na mmoja wetu alichukua kalamu na daftari la kuandikia mahubiri. Hapo gatini mahamali walikuwa wakishusha magunia ya saruji kutoka lori na kuyapakia katika mashua. Kijana mmoja alikuwa ameketi kando, mkono umefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate. Siku chache nyuma kidole chake gumba kilibanwa kati ya mashua na ukingo wa gati, kikapondeka. Aliyemwajiri alimpa nauli ya kwenda zahanati, akamwambia yamekwisha, maana kibarua hana haki.

Kijana yule si mjinga. Amesoma chuoni, Kurani anaijua kwa moyo. Lakini barua ya ofisini hajapata kuandika maishani mwake. Akaiona ile kalamu, akasema:

“Kaka zangu, nyinyi ni watu wa kuandika. Niandikieni barua.”

Nahodha alikuwa akiita abiria. Wawili wetu walikuwa wamekwisha kushuka katika mashua. Tukamjibu kwa upole, “Tukirudi jioni tutakuandikia, ndugu.” Lilikuwa jibu jema machoni petu. Lakini yule mwenzetu wa mkesha alisimama kama mtu aliyepigwa, akasema, “Hivi ndivyo tulivyosema usiku ule. Saa moja tu.”

Tukashuka wote.

Tuliketi juu ya magunia, tukaandika. Jina lake, siku, saa, mahali, kazi aliyokuwa akifanya, aliyemtuma, ujira wake wa siku, na siku ambazo hajafanya kazi. Tukaandika kuwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haimhusu karani wa ofisini peke yake, na kuwa mwajiri hupaswa kutoa taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu aijue. Mambo haya tuliyajua kwa sababu chama kilitufundisha katika semina. Misheni ilitupa herufi, chama kikatupa sheria, na hapo juu ya magunia tuliona kwa mara ya kwanza kwamba vyote viwili vilikuwa vya kazi moja.

Tulipofika mahali pa shahidi tukakwama. Mahamali wenzake waliogopa kukosa kazi ya kesho. Yule nahodha, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa amekwisha kuwavusha abiria wake na kurudi. Alituuliza twafanya nini, akasomewa barua, akasema, “Niliona kwa macho yangu. Nitieni mimi.” Akaweka sahihi yake kwa herufi za Kiarabu. Kisha akatuvusha, wala hakutaka nauli zaidi ya ile ya kwanza. Tulipofika kanisani watu walikuwa wakitoka. Jamaa yetu akatuambia, “Mmekosa ibada.” Hatukumjibu. Lakini usiku tulipolala tuliulizana kama kweli tumeikosa, na hakuna aliyesema ndiyo.

Yafaa mjue mahali jambo hili lilipotendeka. Mpeketoni ni makao ya watu wengi waliopewa ardhi miaka ya 1970 katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, na wengi wao ni Wakristo kutoka bara. Visiwani, Amu, Pate, Faza, Siyu na Kizingitini, wenyeji ni Waislamu tangu karne nyingi. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, na kwa muda wa siku mbili, hapo na katika vijiji vya jirani, watu zaidi ya 60 waliuawa. Tangu hapo jirani alimtazama jirani kwa shaka, na shaka ya namna hiyo haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa polepole na watu wafanyao kazi pamoja, mmoja akimwona mwenzake anamshikia kamba.

Na tusidhani Wakristo ndio peke yao wenye kutoa. Tarehe 21 Desemba 2015, huko Mandera, basi lilisimamishwa na wauaji waliotaka abiria wagawanywe, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa kugawanywa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwa ajili hiyo, akafa hospitalini Januari 2016. Hakuwa padre wala mchungaji. Alikuwa mwalimu wa shule safarini. Sisi tuliofundishwa habari za Msamaria aliyemwinua mtu aliyepigwa na wanyang’anyi, twajua kuwa katika habari ile watu wa dini walipita kando, na mgeni ndiye aliyesimama. Tunaihubiri sana, lakini mara nyingi twasahau kuwa sisi twaweza kuwa wale wawili waliopita, tena wakiwa wamevaa mashati meupe.

Twajua yako maneno yatakayosemwa juu ya barua hii. Tuyajibu.

La kwanza, wengine watasema dini isiingizwe chamani. Twakubali kabisa. Chama si kanisa wala msikiti. Mwanachama hulipa ada yake, na ada haina dini. Hatutaki mahubiri katika mkutano wa tawi, wala hatutaki kiongozi achaguliwe kwa sababu ya kanisa lake. Tunachotaka ni kwamba yeye ajiitaye Mkristo awe wa kwanza kusimama kwa ajili ya mwenzake, na hasa kwa yule asiyesali naye. Hilo halimdhuru mtu yeyote.

La pili, wako Wakristo wenzetu wasemao kwamba mtu mwema huvumilia, humtii bwana wake, wala hadai. Hao wanachanganya kutumika na utumwa. Bwana Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu kwa hiari yake, wala hakumwambia mtu anyamaze mwenzake akiumizwa. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika waraka kwa kanisa lake lote, akasema mfanyakazi ana haki ya ujira wa kumtosha na haki ya kuungana na wenzake. Mwaka 1925 padre mmoja wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, alianzisha chama cha vijana Wakristo wa viwandani, akawafundisha mambo matatu: tazama, pima, tenda. Hapa kwetu Tom Mboya, mwanafunzi wa shule za misheni, alifika Mombasa mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari walipogoma, akasaidia katika mazungumzo yaliyowapatia nyongeza. Hatujasikia kwamba alianza kwa kuuliza nani amebatizwa.

Tena wenyeji wa Mombasa waijua Kengeleni. Mahali pale palipata jina kwa kengele ya Frere Town, mji uliowekwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Husimuliwa kwamba kengele ile haikulia kwa ibada tu. Ilipigwa pia kuonya watu wafanya biashara ya watumwa walipoonekana. Basi Ukristo wa pwani yetu tangu mwanzo ulikuwa na kengele ya hatari. Mkristo aonaye breki mbovu, au winchi iliyolika kamba, au mashua iliyojaa kupita kiasi, akanyamaza ili asimwudhi mkubwa, huyo ameiacha kengele ikae kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aitaarifu hatari kubwa aionayo, na tena inamlinda asirudishwe hapo kabla haijaondolewa. Kuipiga kengele hiyo ni utumishi. Si utovu wa adabu.

La tatu, na hili ndilo gumu, wengine watasema: “Sisi wenyewe tumechoka, mshahara hautoshi, tutambebaje mwingine?” Hatuna jibu la kujidai hapo. Nasi tumechoka. Lakini tumeona kuwa mambo yaliyotakiwa kwetu hayakuwa makubwa. Usiku ule wa stesheni ilitakiwa taa ishikwe. Pale Mokowe ilitakiwa kalamu. Mtu aliyechoka bado aweza kushika taa.

Iko na hesabu nyingine tuikumbuke. Reli yetu ya kwanza, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Walikuwa Wahindu, Waislamu, Masingasinga. Kila siku twapita juu ya kazi ya mikono yao. Siku reli ya Lamu itakapoanza kujengwa, makundi ya kazi yatakuwa na mtu wa Mpeketoni, mtu wa Faza, Mboni wa msituni na mgeni kutoka mbali. Tena itapita penye mali ya watu. Tayari bandari imegusa riziki za wavuvi, hata Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tusingoje siku hiyo ndipo tujifunze kuangaliana.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wenzetu Wakristo katika matawi yote, na asiye Mkristo akipenda alichukue, maana halina muhuri wa kanisa.

Kwanza, tusiibe saa za kazi kwa jina la Mungu. Mtu amwachaye mwenzake peke yake ili akaombe, maombi yake yana deni. Akitaka ruhusa na aombe kwa utaratibu, na nafasi yake ijazwe.

Pili, tushikiane sikukuu. Mwezi wa Ramadhani Wakristo wachukue zamu ya magharibi ili wenzao wafuturu, na Krismasi Waislamu watushikie. Mahali pengine hufanywa tayari. Na ifanywe kwa orodha iliyobandikwa ukutani, isiwe kwa kunong’onezana.

Tatu, kila aliyejaliwa kusoma awe na kalamu mfukoni kwa ajili ya asiyeweza. Kibarua aambiwe kwamba kwa Sheria ya Ajira ya 2007, akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, anastahili kuhesabiwa kama mtu wa mkataba wa mshahara wa mwezi. Vibarua wengi hawalijui neno hili. Kulijua sisi na kutowaambia ni sawa na kula mkate gizani.

Nne, aliyekosa aseme. Na hapa twarudi kwetu.

Tuliporudi Mombasa yule mwenzetu wa mkesha alikwenda nyumbani kwa ndugu wa Kwale. Tulikwenda naye, maana kunyamaza kulikuwa kwetu pia. Alimwomba radhi mbele ya mkewe na watoto wake. Mwenyewe alisema alikwisha kusamehe zamani, akatutilia chai kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Kesho yake mwenzetu alikwenda kwa mkubwa wa kazi, akaeleza habari yote kwa maandishi, akaomba neno “mzembe” lifutwe katika faili la mwenzake na liandikwe katika lake. Amepewa barua ya onyo. Shauri la kufuta neno lile bado halijakwisha, na mwakilishi wetu wa chama analifuata. Sisi watatu tumetia sahihi ya ushahidi, kama alivyofanya mzee wa Mokowe.

Vidole havitarudi. Hilo twalijua. Na kijana wa Pate, hadi tunaandika haya, hajalipwa, lakini barua imepokewa ofisini na kugongwa muhuri, naye ana nakala yake. Tumemwachia namba ya simu ya mmoja wetu, na akipiga tutapokea hata tukiwa ibadani.

Ndugu wafanyakazi, hatukuandika ili mtuone wema. Mmesoma wenyewe kuwa sisi ndio tuliokosa. Tumeandika ili yeyote kati yenu ambaye usiku wa leo atataka kumwambia mwenzake “nishikie saa moja tu,” akumbuke ile taa iliyotundikwa, arudi aishike mwenyewe.

Umoja ni nguvu.

Ndimi wenu katika kazi,
Watu wanne wa Reli